Nyundo za Mpasua Mawe

Kabla chuma hakijajulikana duniani, watu walichuna wanyama, walikata miti na kuchonga mikuki kwa mawe. Hata baada ya shaba na chuma kupatikana, mawe hayakuachwa mara moja. Wasomao Biblia wakumbuka ya kuwa Sipora, mke wa Musa, alitwaa jiwe kali alipomtahiri mwanawe, na ya kuwa Yoshua aliamriwa kufanya visu vya mawe kwa kazi hiyo hiyo, Waisraeli walipokwisha kuvuka Yordani. Mwanafunzi asomapo habari hizi huenda akadhani ya kuwa watu wale waliokota tu mawe makali njiani. Sivyo. Jiwe la kuokotwa mara chache huwa na makali ya kukata nyama. Kisu cha jiwe hutengenezwa, naye akitengenezaye hana budi kuwa na nyundo.

Nyundo hiyo haiuzwi dukani. Huokotwa mtoni, au huchongwa katika mti, au hukatwa katika mfupa wa ng'ombe. Walakini kuijua nyundo ifaayo ni nusu ya kazi yote, na pengine zaidi ya nusu. Mtu achukuaye mawe mawili yoyote na kuyagonganisha kwa nguvu atapata vumbi, kokoto, na kidole kilichovimba. Mwingine, mwenye nguvu chache kuliko yeye, atachukua jiwe lile lile, atalitazama sana, atachagua nyundo yake, kisha kwa pigo moja jepesi atatoa kibanzi chembamba chenye makali kama wembe. Tofauti yao haimo katika mikono.

Kwanza hapana budi kujua jinsi jiwe lipasukavyo. Si kila jiwe lafaa. Jiwe la mchanga hubomoka, na jiwe lenye chembe kubwa huvunjika lipendavyo lenyewe. Litakiwalo ni jiwe lenye chembe ndogo mno, au lisilo na chembe kabisa, lipasukalo kama kioo kinene. Huko Ulaya jiwe lisifiwalo zaidi ni gumegume, ambalo wazee wa pwani walilijua kwa sababu ya bunduki za zamani zilizowashwa kwa cheche zake. Katika Bonde la Ufa la Kenya, hasa karibu na Naivasha, lililo bora ni obsidiani. Hilo ni jiwe jeusi la kung'aa, nalo kwa kweli ni kioo, kioo kilichofanywa na moto wa volkano. Mahali pengine watu walitumia mawe mazito ya volkano yenye rangi ya majivu, au kwatzi, yaani lile jiwe jeupe lionekanalo mashambani pengi. Nalo ni gumu na lenye kiburi.

Jiwe la namna hii likipigwa, nguvu ya pigo haipiti moja kwa moja kama kisu kipitavyo katika muhogo. Huenea kutoka mahali palipopigwa, kwa umbo kama la pia ya watoto, nyembamba juu na pana chini. Ndiyo sababu kokoto ikirushwa ikagonga kioo kinene, tundu lake huwa dogo upande ilikoingia, na pana upande ilikotokea. Mpasua mawe huitumia tabia hiyo. Hupiga karibu sana na ukingo, ili sehemu ya pia ile iangukie nje ya jiwe, na sehemu iliyobaki ikimbie chini ya uso wa jiwe na kuambua kibanzi, kama mtu aambuavyo gome la mti. Katika uso wa kibanzi kilichotoka, chini kidogo ya mahali palipopigwa, huonekana uvimbe mdogo laini. Na kutoka katika uvimbe huo huenda mistari iliyopinda, kama viwimbi vya maji katika kisima kilichotupiwa kijiwe. Kwa alama hizo hasa wataalamu hulitofautisha jiwe lililopasuliwa kwa mkono wa mtu na jiwe lililopasuka kwa jua au kwa kuanguka.

Kuna jambo moja hapa liwatatizalo wanagenzi wote. Mwanagenzi hutazama juu ya jiwe, mahali apigapo, akitaraji kibanzi kitoke hapo. Lakini kibanzi hutoka upande wa chini, upande asiouona. Basi mpasuaji huangalia kwanza uso wa chini ulivyo, kwa maana kibanzi hufuata mgongo wa jiwe: palipo na tuta, hapo ndipo kitakapopita, palipo bapa au pamebonyea, kitakoma upesi. Tena ukingo wa kupigia uwe mkali kuliko kona ya kitabu. Kona ya kitabu ni nyuzi 90. Ukingo ufaao hauna budi kuwa chini ya hapo. Jiwe la mviringo kama yai, lisilo na ukingo wo wote, litavumilia mapigo mengi pasipo kutoa kitu, mpaka mpigaji achoke.

Aliyewafanya wengi katika Afrika ya Mashariki kuyatazama mawe haya kwa macho mapya alikuwa mtoto wa misheni. Louis Leakey alizaliwa mwaka 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi, ambako wazazi wake walikuwa wamisionari wa Kanisa la Uingereza. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu na kusema lugha yao kama wao. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, alipelekewa kutoka Uingereza kitabu cha watoto kilichoeleza maisha ya watu wa zamani na zana zao za gumegume. Naye hakujua gumegume lilivyo, na katika udongo wa Kabete hamna jiwe hilo. Alichokiona, kila mvua iliponyesha na kuosha njia, ni vipande vyeusi vya kung'aa. Akaviokota hivyo, akidhani ndivyo vilivyotajwa. Wazee wa Kikuyu walikuwa na jina lao kwa vipande hivyo, wakiviita nyembe za mizimu. Baadaye kijana huyo alimwonyesha Arthur Loveridge, mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, naye akamwambia kwamba si gumegume bali ni obsidiani, na kwamba baadhi yake ni zana za kweli zilizofanywa na watu.

Kosa lile lilikuwa kosa la heri. Kama angaling'ang'ania jina lililoandikwa kitabuni, asingaliokota kitu. Na jambo ilo hilo, kama itakavyoonekana, lahusu nyundo pia.

Nyundo ya kwanza ya binadamu ni jiwe. Mwaka 2011 watafiti walikuta mahali paitwapo Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana, mawe yaliyopasuliwa miaka milioni 3.3 hivi iliyopita. Mengine ni makubwa ajabu, na moja lafika uzito wa kilo 15 hivi. Wapasuaji wa Lomekwi yaelekea waliweka jiwe juu ya jiwe lingine kubwa lililokuwa fuawe, wakaligonga huko. Huko Oldupai katika nchi ya Tanzania, zana za kale kabisa zina umri wa miaka milioni 2 hivi, na pamoja nazo yamepatikana mawe ya mviringo yaliyojaa vidonda vidogo vidogo upande mmoja. Hayo ndiyo nyundo zenyewe. Vidonda vile ni alama za mapigo, nazo hazionekani mahali pote pa jiwe, ila pale tu mpigaji alipopendelea kupigia.

Nyundo ya jiwe haitengenezwi bali huchaguliwa. Mahali pa kuitafuta ni mtoni, kwa kuwa maji yamekwisha kuijaribu: mawe yenye nyufa yalivunjika zamani, yakabaki mazima. Jiwe na liwe na umbo la yai, lijae kiganja pasipo kukilemea. Kwa kazi ya kawaida uzito wa ratili moja, yaani gramu 450 hivi, watosha. Kwa kuanzisha jiwe kubwa, mara mbili ya hapo. Kwa kazi ndogo ya ukingoni, jiwe dogo kama limau. Kisha ligongwe kidogo juu ya jiwe lingine na kusikilizwa. Jiwe zima hulia wazi. Lenye ufa wa ndani hutoa sauti ya chungu kilichopasuka, na hilo litupwe, maana litapasukia mkononi.

Hata kati ya mawe ya mtoni kuna magumu na malaini. Jiwe gumu laini usoni huteleza juu ya ukingo, na pigo lake huuma ndani sana. Jiwe lenye uso wa kukwaruza kidogo, kama la mchanga ulioshikana sana, hushika ukingo vizuri zaidi, na kwa obsidiani ni bora kuliko lile gumu; kwa kuwa obsidiani ni kitu chepesi kuvunjika, nayo nyundo ngumu mno huisagasaga. Mtu na awe na mawe matatu au manne yasiyofanana, ayajaribu yote katika jiwe moja. Baada ya siku moja atajua lipi lafaa kwa nini, naye atakuwa amejua kwa mkono wake mwenyewe.

Namna ya kupiga ni hii. Mpasuaji huketi juu ya kigogo au kiti kifupi. Jiwe la kupasuliwa hulishika kwa mkono wa kushoto, au hulilaza juu ya paja la kushoto lililofunikwa ngozi nene. Nyundo huishika kwa vidole, si kwa kuibana kwa kiganja chote. Mkono hushuka kwa mzunguko kutoka begani na kiwikoni; pigo hugusa karibu na ukingo, kisha laendelea kushuka bila kusimama, kama mtu afuta vumbi juu ya meza kwa haraka. Pigo linalokoma pale linapogusa halifai. Wala nguvu nyingi hazihitajiwi. Ikiwa kibanzi hakikutoka kwa pigo la kadiri, dawa yake si kupiga kwa nguvu zaidi bali kuangalia tena ukingo.

Kwa nyundo ya jiwe peke yake mtu aweza kupata visu vizuri, kwa kuwa kila kibanzi ni kisu. Louis Leakey mara nyingi alipasua mawe mbele ya watazamaji, kisha akamchuna mnyama kwa zana aliyoifanya papo hapo, nao waliodhani mawe yale hayana faida wakanyamaza. Lakini zipo zana ambazo nyundo ya jiwe yaweza kuzianza na ni vigumu kuzimaliza. Atakaye kuona na aende Olorgesailie, kusini magharibi ya Nairobi, ambako Louis na mkewe Mary Leakey walikuta mwaka 1942 mashoka ya mkono mengi mno yaliyotawanyika ardhini. Wazee wa mahali pale waliishi na kufa kwa muda mrefu usiofikirika, kati ya miaka milioni 1.2 na nusu milioni iliyopita. Mashoka mengine ya namna hiyo yako Isimila, karibu na Iringa, katika korongo lililokatwa na maji. Baadhi ya mashoka hayo ni manene na yamekatwa kwa mapigo makubwa tu. Mengine ni membamba, yamelingana pande mbili kama jani la mti, na ukingo wake umenyooka. Makovu yaliyomo usoni mwake ni mapana na hayana kina. Makovu ya namna hiyo, kwa kadiri ilivyoonekana kwa wengi waliojaribu, hutoka kwa nyundo iliyo laini kuliko jiwe lenyewe.

Hapo wengi hushangaa. Yawezekanaje mti upasue jiwe? Lakini sababu yake ni rahisi. Nyundo ngumu hugusa jiwe mahali padogo kama ncha ya penseli, na nguvu zote huingia hapo kwa ghafula. Kibanzi hutoka kinene, na uvimbe wake ni mkubwa. Nyundo laini hubonyea kidogo inapogusa. Ukingo wa jiwe huuma ndani ya mti, nguvu huenea katika sehemu ndefu zaidi, na kibanzi huvutwa kuliko kupigwa. Basi hutoka chembamba, kirefu, chenye uvimbe mdogo usioonekana sana. Hivyo jiwe laweza kupunguzwa unene pasipo kupunguzwa upana, nayo ndiyo siri ya shoka jembamba.

Katika vitabu vya Ulaya nyundo hiyo laini aghalabu huwa ni pembe ya kulungu wa huko. Huko Boxgrove, kusini mwa Uingereza, zimechimbuliwa nyundo za pembe na za mfupa zenye umri wa karibu miaka laki 5, na katika nyundo moja au nyingine vimeonekana vipande vidogo vya gumegume vilivyokwama tangu siku zile. Basi mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki asomaye kwamba nyundo bora ni ya pembe atakimbilia pembe ya mbuzi au ya swala, na atakata tamaa. Kiswahili chatumia neno moja, lakini vitu ni viwili. Pembe ya mnyama yule wa Ulaya ni mfupa mtupu, mgumu na mzito; ina matawi kama mti, humea na kuanguka kila mwaka. Pembe ya swala, ya mbuzi na ya ng'ombe ni ala iliyovikwa juu ya kiini cha mfupa, nayo ala hiyo ni ya kitu kama kile cha kucha na kwato. Haianguki, na ndani yake ni tupu ikishatolewa kiini. Ni nyepesi mno, na hudunda. Yafaa kwa baragumu kuliko kwa nyundo.

Wapasuaji wa Olorgesailie na Isimila hawakuwa na kulungu wa Ulaya. Ikiwa walitumia nyundo laini, walitumia walichokuwa nacho, yaani mfupa na mti; na kwa kuwa mti huoza, nyundo zao za mti zimekwisha kupotea. Lakini miti ya nchi hizi ni ya kujivunia. Mpingo ni mzito hata wazama katika maji. Mzeituni wa mwitu na mkwaju nao wana kiini kigumu sana. Anayejua rungu la mchungaji amekwisha kuijua nyundo laini, ila rungu hili ni fupi.

Kulitengeneza si kazi kubwa. Na litafutwe gongo kavu lisilo na ufa. Kwa mpingo hakuna haja ya kukata mti, maana wachongaji hutupa vipande vingi. Urefu wake uwe sentimeta 30 hivi, shibiri moja na zaidi kidogo. Unene wa kichwa kama mkono wa mtoto mahali pa kiwiko, na mpini mwembamba zaidi ili ushikike. Kichwa kisiwe na pembe pembe, bali kiviringishwe kwa kisu na kusuguliwa. Mti ambao bado una maji hauna ukali wa pigo, hivyo gongo lililokatwa jipya liachwe kivulini likauke polepole. Likianikwa juani litapasuka. Rungu likiisha kutumika, kichwa chake hujaa mikato midogo. Wakati huo ligeuzwe upande mwingine, na pande zote zikiisha kuliwa, kichwa kichongwe upya. Rungu jema hufupika hivyo mpaka likawa la mtoto.

Mfupa nao ni mzuri. Bora ni mfupa wa mguu wa ng'ombe mkubwa, pale penye ukuta mnene, uliochemshwa na kusafishwa mafuta lakini ambao haujachomwa moto wala kukaa juani miaka mingi. Mfupa uliopauka hupasuka kwa pigo la tatu.

Kipo chombo kingine kisichotajwa sana kwa kuwa hakina uzuri wo wote, nacho ndicho kiokoacho kazi. Ni kipande cha jiwe la kukwaruza, kama kile cha kunolea mapanga. Kila kibanzi kikitoka, huacha nyuma yake ukingo mwembamba kama karatasi. Ukingo huo ukipigwa kwa rungu utasagika tu, na nguvu za pigo zitapotea. Kwa hiyo kabla ya kila pigo mpasuaji huusugua ukingo kwa jiwe lile mpaka uwe butu kidogo na imara. Yaonekana kinyume cha akili kuyaharibu makali ili kupata makali, na ndiyo maana wanagenzi hawapendi kufanya hivyo. Lakini mtu akimtazama mpasuaji stadi, ataona anasugua na kutazama muda mrefu kuliko anavyopiga.

Kazi ya mwisho, yaani kunyoosha ukingo wa kisu au kufanya ncha ya mshale, haifanywi kwa kupiga bali kwa kusukuma. Chombo chake ni ncha ya mfupa iliyofungwa katika mpini. Siku hizi wengi hutumia waya mnene wa shaba nyekundu uliotiwa katika kipande cha mti. Jiwe hushikwa katika kiganja juu ya ngozi nene, ncha huwekwa ukingoni, nguvu za bega husukuma kuelekea ndani, kisha ghafula kuelekea chini. Na kibanzi kidogo huruka. Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi huko California katika Marekani, ambaye alitoka msituni mwaka 1911 akakaa katika makumbusho ya San Francisco hata alipokufa mwaka 1916, alifanya kwa njia hiyo ncha za mishale nzuri ajabu, na nyingine alizifanya kwa kioo cha chupa. Alikuwa na obsidiani ya kwao, lakini chupa za wageni hakuzidharau. Basi asiye na Naivasha karibu naye anaweza kuanza na kitako kinene cha chupa.

Wala asidhani mtu kwamba kazi hii ni ya wanaume tu. Huko Konso, kusini mwa Ethiopia, watafiti waliofika katika miaka ya 1990 na baadaye waliwakuta wanawake wakipasua mawe kwa kipande cha chuma, na kufanya vikwangulio vya kuparia ngozi, vilivyotiwa katika mipini ya miti. Walifundishwa na mama zao. Na waliokuwa stadi kupita wote hawakuwa wasichana wenye nguvu, bali wale waliofanya kazi hiyo miaka mingi.

Sasa yafuata maneno ya hatari, nayo yasirukwe. Vibanzi vya obsidiani na vya kioo huruka pande zote, na makali yake yapita ya wembe wa dukani. Jicho likiingiwa na kipande kimoja laweza kupofuka siku hiyo hiyo. Kwa hiyo hakuna kupiga hata pigo moja pasipo miwani ya kulinda macho, na watazamaji wakae mbali, hasa watoto wadogo ambao hupenda kuchungulia. Mkono wa kushoto uvae ngozi. Miguu iwe na viatu. Mwalimu au mtu mzima awepo. Turubai au gunia litandikwe chini, ili vibanzi vyote vikusanywe baada ya kazi. Kisivyokusanywa leo kitakata unyayo wa mwingine kesho, au ulimi wa mbuzi.

Hatari ya pili haina damu, na kwa sababu hiyo ni mbaya zaidi. Huko Brandon, mji mdogo wa mashariki ya Uingereza, watu waliishi kwa kupasua gumegume za bunduki. Jeshi la Waingereza lilizinunua kwa wingi katika vita vya Napoleon, na baadaye nyingi zilipelekwa Afrika. Mafundi wale walipasua kwa nyundo za chuma, kwa wepesi wa kustaajabisha, wakiwa wameketi mchana kutwa ndani ya vibanda. Lakini kila pigo hutoa vumbi jepesi lisiloonekana, nalo likiingia katika mapafu halitoki tena; hukata na kukomaza makovu humo, hata mtu akakosa pumzi. Wengi wao walikufa kwa ugonjwa huo kabla ya uzee. Mpasuaji na afanye kazi nje, penye upepo, naye akae upande utokako upepo. Ukingo usuguliwe ukiwa umeloweshwa maji. Na nguo zikung'utwe mbali na nyumba. Darasani kazi hii isifanywe kamwe.

Tena mawe ya kale yasiguswe. Mtu akiona shoka la mkono katika korongo, au vipande vya obsidiani vimekusanyika mahali pamoja, aviache kama vilivyo na kumwarifu mwalimu au mtu wa makumbusho. Tanzania ina sheria ya kulinda mambo ya kale tangu mwaka 1964, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2006. Jiwe lililoondolewa mahali pake ni kama ukurasa uliopasuliwa katika kitabu: maneno yake yasomeka, lakini hakuna ajuaye yalifuata nini.

Na mawe mapya nayo yana madhara yake. Kibanzi kilichotoka leo na kibanzi kilichotoka zamani hufanana mno, na mvua chache tu zikinyesha, kile cha leo chaweza kumdanganya hata mtaalamu. Kijana wa Kabete alisomea mawe yaliyooshwa na mvua njiani. Kama mtu angalitupa vibanzi vyake vipya katika njia ile, yule kijana angalijifunza uongo. Ndiyo sababu wapasuaji waangalifu hawatupi mabaki yao porini wala mtoni. Huyakusanya yote, hata vumbi, hayatii pamoja na mawe ya mahali, na huyafukia katika shimo moja refu. Chini kabisa ya shimo, na tena juu ya mabaki, hutia sarafu yenye tarehe ya mwaka ule, ili yeyote atakayechimba hapo baadaye aione sarafu kabla hajaanza kuhesabu miaka.